Kanda za video za harusi na misiba: namna ya kuzihamishia kwenye diski kabla hazijafa

Katika nyumba nyingi za Ngara na Biharamulo bado kuna kanda za video. Ziko juu ya kabati, chini ya kitanda, au ndani ya sanduku la bati pamoja na vyeti vya ubatizo na karatasi za shamba. Ni kanda nyeusi za VHS, kubwa kama kitabu, zimeandikwa kwa kalamu ya wino: Harusi, Kipaimara, Mazishi ya Babu. Deki iliyokuwa ikizicheza ilikufa zamani au iliuzwa, na TV ya chogo imeshapisha TV bapa. Kanda imebaki, ila hakuna anayeweza kuitazama.

Swali tunaloulizwa ni kama yaliyomo ndani bado yanaweza kuokolewa na kuwekwa kwenye diski, yaani DVD, au kwenye flashi. Jibu ni kwamba kanda nyingi bado zinaokoka, lakini kila msimu wa mvua unaopita unapunguza nafasi hiyo. Katika makala haya tunaeleza kwa nini, kazi yenyewe inafanywaje, na mambo ya kumuuliza fundi kabla ya kumkabidhi kanda yako.

Kinachoiua kanda

Kanda ya VHS ilianza kuuzwa Japani mwaka 1976 na kampuni ya JVC. Ndani yake kuna utepe wa plastiki wenye upana wa milimita 12.7. Kanda ya saa tatu, ile iliyoandikwa E-180, ina utepe wa mita kama 258, karibu urefu wa viwanja viwili na nusu vya mpira. Juu ya plastiki hiyo kumepakwa unga laini wa madini ya chuma, umeshikwa na gundi. Picha na sauti ni sumaku iliyopangwa katika unga huo, basi. Unga ukidondoka, picha imedondoka nao.

Gundi hiyo hufyonza unyevu wa hewa, na miaka ikipita hulegea na kunata. Kwetu, ambako mvua hunyesha miezi mingi ya mwaka na ukungu wa asubuhi huingia hadi ndani ya nyumba, unyevu ndiyo adui wa kwanza. Adui wa pili ni kuvu. Ukitazama kupitia kidirisha cha kanda ukaona unga mweupe au nyuzi kama utando wa buibui pembeni mwa utepe, hiyo ni kuvu. Ongeza moshi wa jiko, vumbi la barabara, panya, na sabufa kubwa ambayo kanda zimepangwa juu yake. Spika ina sumaku, na sumaku hufuta.

Lakini hata kanda iliyotunzwa vizuri inakabiliwa na tatizo la mashine. Kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kujulikana kutengeneza deki za VHS, ilisimamisha kazi hiyo Julai 2016. Tangu hapo kila deki inayokufa haina mpya ya kuichukulia nafasi. Mikanda ya mpira iliyomo ndani hukauka na kukatika, vichwa vya kusomea husagika, na fundi hupata kipuri kwa kubomoa deki nyingine tu. Wataalamu wa hifadhi za sauti na picha duniani, wakiwemo wa UNESCO, walikuwa wakiutaja mwaka 2025 kuwa ndiyo kama kikomo: baada ya hapo kupata mashine nzima na mtu anayejua kuitumia kutakuwa kugumu mno au ghali mno. Mwaka huo ndiyo huu tuliomo au umeshatupita mgongoni, kutegemea unasoma lini.

Kwa nini kanda zetu hazina nakala nyingine popote

Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994. Zanzibar walikuwa nacho tangu miaka ya 1970. Maana yake ni kwamba kwa watu wengi wa mikoani deki ya video ilitangulia televisheni yenyewe: watu walinunua TV ili watazame kanda, wala si matangazo. Ndiyo enzi ya kibanda umiza, benchi za mbao, jenereta nje, na filamu ya mapigano iliyokwisha kuchezwa mpaka rangi ikafifia. Kamera zilipofika harusini na makanisani, kanda moja ilirekodiwa, ikatolewa nakala mbili au tatu, na ikaishia hapo.

Wilaya ya Ngara ilipigwa picha nyingi sana mwaka huohuo wa 1994. Tarehe 28 na 29 Aprili watu wanaokadiriwa kufikia 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa saa 24 hivi, na Benaco ikawa jina linalotajwa dunia nzima. Waandishi wa habari kutoka kila upande walikuja na kamera zao. Picha zile zipo, zimehifadhiwa katika maghala ya mashirika makubwa ya habari huko Ulaya na Marekani. Mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, iliyokaa Arusha hadi mwaka 2015, nayo ilirekodi vikao vyake kwenye kanda, kisha ikalazimika kuzihamishia kwenye kompyuta. Ilikuwa na bajeti, wataalamu na jengo.

Kanda ya harusi ya Rulenge au ya mahafali ya Nyakahura haina mlinzi wa namna hiyo. Hakuna shirika litakalokuja kuiulizia. Na mara nyingi ndiyo pekee inayomwonyesha mama au babu akitembea, akicheka, akiongea kwa sauti yake. Picha ya karatasi haina sauti. Kwa familia za eneo hili jambo hili lina uzito wa ziada, maana jamaa wametawanyika: wengine walirudi Rwanda na Burundi, wengine walipelekwa kuishi Marekani, Canada au Australia, na huko wana watoto ambao hawajawahi kumsikia bibi yao akiimba kwa Kihangaza au Kishubi.

Kabla hujaitia kanda kwenye deki

Kwanza itazame, kisha inuse. Harufu ya uvundo na unga mweupe ni onyo: usiitie kwenye deki. Kuvu itapaka vichwa vya kusomea, na kanda itakayofuata, hata kama ni nzima, itaambukizwa. Kanda ya namna hiyo iweke pembeni, mbali na nyingine, mahali pakavu, umngoje fundi anayejua kuifungua na kuisafisha. Wapo watu wanaosema kanda ianikwe juani au ipashwe moto kwenye oveni. Tunakuomba usifanye hivyo. Jua litaikunja plastiki, na hakuna wa kuikunjua.

Kama kanda ni safi, vunja kile kipande kidogo cha plastiki kilichopo ubavuni, upande wenye lebo, kama bado hakijavunjwa. Kazi yake ni kuruhusu kurekodi. Kikivunjwa, deki haiwezi tena kurekodi juu ya harusi yako hata mtu akibonyeza kitufe kwa bahati mbaya. Halafu, ukishapata deki nzima, ipeleke kanda mbele hadi mwisho na kuirudisha hadi mwanzo bila kuicheza. Utepe uliolala miaka ishirini hushikana. Mzunguko huo huulegeza.

Deki nayo ijaribiwe kwanza kwa kanda isiyo na thamani. Filamu ya zamani ya mapigano inafaa sana kwa kazi hii, na pengine ndiyo faida yake ya mwisho. Deki ikiitafuna hiyo, hujapoteza kitu. Vichwa vya deki husafishwa kwa spiriti na kitambaa laini kisichotoa nyuzi, kwa mkono usio na papara, wala si kwa pamba ya masikio. Kama hujawahi kufanya, mwachie fundi.

Kazi yenyewe

Nyuma ya deki kuna matundu ya rangi: njano ni picha, nyekundu na nyeupe ni sauti. Deki nyingi za zamani zina tundu moja tu la sauti, na hiyo si hitilafu. Waya hizo huunganishwa na kifaa kidogo kinachofanana na flashi kubwa, ambacho nacho huchomekwa kwenye kompyuta. Kifaa hicho hunasa picha inayotoka kwenye deki na kuigeuza kuwa faili. Baadaye faili hilo ndilo linalochomwa kwenye DVD. Kuna pia deki za DVD zenye uwezo wa kurekodi, ambazo hufanya kazi yote bila kompyuta, lakini ni chache. Deki ya kawaida ya DVD ya sebuleni haina uwezo huo hata ukiiunganisha namna gani.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni muda. Kanda ya saa tatu huchukua saa tatu kuhamishwa, kwa sababu lazima ichezwe yote kwa mwendo wake wa kawaida. Hakuna njia ya mkato. Ndiyo maana fundi mwaminifu hutoza kwa saa au kwa kanda, na ndiyo maana anayekuahidi kanda kumi kwa nusu siku, na ana deki moja, anakudanganya.

Umeme nao ni wa kufikiriwa. Ukikatika katikati, deki husimama na utepe ukiwa umezungushwa kwenye vichwa. Betri ya laptopu haisaidii deki. Deki hula umeme kidogo kuliko TV ya chogo, hivyo hata sola ya nyumbani yenye inveta nzuri inaweza kuibeba, na ni tulivu kuliko jenereta.

Kanda zilizotumwa na jamaa kutoka Marekani au Canada zina mfumo tofauti na wetu. Sisi tunatumia PAL, wao NTSC. Ufaransa na baadhi ya nchi zilizokuwa chini yake walitumia SECAM. Kanda ya NTSC ikichezwa kwenye deki ya PAL pekee hutoa picha inayoruka au isiyo na rangi. Usidhani imeharibika. Tafuta deki iliyoandikwa kwamba inasoma mifumo yote.

Kuna kanda ndogo pia. Ile iitwayo VHS-C huwekwa ndani ya kasha maalumu lenye umbo la kanda kubwa, kisha huchezwa kwenye deki ya kawaida. Video8, Hi8 na MiniDV haziingii kwenye kasha hilo kabisa, ijapokuwa wapo wanaouza makasha wakidai zinaingia. Hizo zinahitaji kamera ya aina yake, kwa hiyo kama kamera bado ipo, hata kama lenzi yake imevunjika, usiiuze kama chuma chakavu.

Mkalishe mzee mbele ya TV

Tunaona hapa ndipo penye faida kubwa kuliko diski yenyewe. Kwa kuwa kanda lazima ichezwe yote, mwalike mtu anayewajua waliomo. Bibi, shangazi, katekista mstaafu, yeyote aliyekuwepo siku ile. Weka simu mezani, rekodi sauti yake anapotazama. Atasema: huyo ni fulani wa kwa fulani, huyo alikuwa mshenga, huyo aliyebeba mtungi alihamia Lusahunga, wimbo huo uliimbwa kwa sababu hii. Baada ya miaka kumi, video bila majina itakuwa umati wa wageni waliovaa suti za zamani.

Mwandae lakini. Kumwona marehemu akitembea baada ya miaka ishirini si jambo dogo, na mzee asifanyiwe hivyo kwa kushtukizwa. Mwambie mapema ni kanda ipi na nani yumo. Akisema simamisha, simamisha. Wengine hupenda kutazama peke yao kwanza, na hiyo ni haki yao.

Majina yakishapatikana, yaandike kwenye daftari pamoja na dakika yanapotokea, na daftari likae na diski. Picha ya ukurasa huo iingizwe pia kwenye flashi.

Kama hakuna fundi karibu

Mafundi wa kazi hii wanapatikana zaidi mijini, na si kila mji. Kama una deki inayocheza na TV, lakini huna kifaa cha kunasa, unaweza kurekodi kioo cha TV kwa simu. Ubora utashuka, hatufichi, lakini ni afadhali kuliko kubaki na kanda inayooza. Tumia TV bapa kama inawezekana, kwa sababu kwenye TV ya chogo kamera ya simu huona michirizi inayopanda na kushuka. Ilaze simu kwa upana, iegemeze kwenye kitu kisichotikisika, zima taa na funga pazia. Iweke simu kwenye hali ya ndege ili isipigiwe katikati ya viapo vya ndoa.

Njia nyingine ni kushirikiana. Parokia, shule, vikoba na vikundi vya kwaya vina kanda zao pia, za upadrisho, uzinduzi wa makanisa na mahafali. Kifaa kimoja cha kunasa na deki moja nzima vinaweza kutumikia kijiji kizima kwa zamu, na vijana waliomaliza kidato cha nne hujifunza kazi hiyo kwa siku moja.

Diski si mwisho wa safari

DVD ya kawaida hubeba gigabaiti 4.7, na hiyo inatosha video ya saa mbili hivi kwa ubora mzuri. Fundi anaweza kubana saa sita humo, na utapata sura zilizogeuka vipande vya mraba. Kanda ya saa tatu ipewe diski mbili.

Omba vitu viwili: DVD inayocheza kwenye deki ya sebuleni, na faili la MP4 kwenye flashi. La kwanza ni la kutazama leo, la pili ni la kunakili kesho. Kompyuta mpya nyingi hazina tena mahali pa kuingizia diski, na simu hazikuwahi kuwa nalo. Februari 2025 hata Sony waliacha kutengeneza diski za Blu-ray za kurekodia. Kwa hiyo diski nayo iko njiani kuelekea ilikokwenda kanda, polepole zaidi.

Diski ya kuchoma huhifadhi data katika rangi maalumu inayofifia kwa jua na joto. Usiiache kwenye dashibodi ya gari wala dirishani. Usibandike karatasi ya gundi juu yake. Andika kwa kalamu laini ya maka. Ishike pembeni kama sahani ya moto. Ichezwe kwenye deki nyingine, tofauti na ya fundi, kabla hujalipa pesa iliyobaki, kwa sababu diski ambayo haikufungwa vizuri baada ya kuchomwa hucheza kwenye mashine iliyoichoma tu.

Weka nakala tatu: diski nyumbani, faili kwenye flashi au hadidiski, na nakala ya tatu katika nyumba nyingine kabisa, kwa ndugu aliyeko Bukoba, Mwanza au Kahama. Nyumba ikiungua, zilizomo zote huungua pamoja. Flashi iingizwe kwenye kompyuta angalau mara moja kwa mwaka kuona kama bado inafunguka. Ukituma video kwa WhatsApp, itume kama dokumenti. Ukiituma kama video ya kawaida itabanwa na ubora utapotea, na ndugu aliyeko ng'ambo atadhani kanda ilikuwa mbovu.

Kanda yenyewe usiitupe. Irudishe mwanzo, isimamishe wima kama kitabu rafuni, mahali pakavu palipoinuka kutoka sakafuni.

Mkubaliane na fundi

Muulize: una deki inayocheza sasa hivi, nione? Unatoza kwa saa au kwa kanda? Utanirudishia kanda yangu? Na hili ni muhimu: mwambie hutaki ahariri chochote. Mafundi wetu wa video hupenda kupamba. Watakata hotuba ndefu ya babu na kuweka muziki wa Bongo Fleva juu ya sauti, wakiamini wamekufanyia hisani. Wewe unaitaka hotuba hiyo, na kikohozi chake. Kama unataka iliyopambwa, itengenezwe baadaye kutoka kwenye nakala kamili.

Mwambie pia afute faili kwenye kompyuta yake baada ya wewe kuthibitisha nakala zako, na asirushe kipande chochote mtandaoni. Vilio vya msibani na shamrashamra za ndani za kumwaga binti si burudani ya umma. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu mwaka 2022, na picha ya mtu anayetambulika ni taarifa yake. Hata ndani ya ukoo, ulizaneni kabla ya kuweka kwenye kundi la WhatsApp: huenda aliyekuwa bibi harusi mwaka 1997 leo ana nyumba nyingine na hataki kanda ile izunguke.

Kanda ikikwama ndani ya deki

Usiivute. Zima deki, chomoa waya ukutani, subiri dakika chache, kisha washa tena. Mara nyingi itaitema yenyewe. Isipoitema, fundi afungue mfuniko wa juu na autoe utepe taratibu kwa mikono iliyooshwa na kukaushwa. Utepe ukikatika, huunganishwa kwa gundi-utepe maalumu ya kuungia kanda, wala si selotepu ya dukani, ambayo gundi yake huvuja na kunasa kwenye vichwa. Kanda iliyokatika hupoteza sekunde chache za picha mahali pa kiungo. Sehemu iliyobaki inachezeka, ila icheze mara moja tu, ukiwa umeshawasha kurekodi.